Edgar Wallace, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyesahau vigezo na masharti

Msikilizaji wa redio ameizoea sauti ile inayokimbia mwishoni mwa kila tangazo la bahati nasibu: vigezo na masharti kuzingatiwa. Wengi wetu hatuitilii maanani. Lakini mwaka 1905, mjini London, mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 30 alichapisha riwaya yake ya kwanza, akaahidi kuwagawia wasomaji pauni 500, na akasahau kuweka masharti. Mtu huyo ni Edgar Wallace. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi waliosomwa kuliko wote nchini Uingereza, akaandika riwaya zaidi ya 170, na akafa akiwa na deni kubwa.

Makala hii inasimulia maisha yake, na hasa jinsi alivyouza vitabu vyake, kwa sababu kuandika hakukuwahi kumpa shida. Shida ilikuwa hesabu.

Mtoto wa soko la samaki

Alizaliwa Greenwich, London, tarehe 1 Aprili 1875. Mama yake, Polly Richards, alikuwa mjane na mwigizaji wa jukwaani, mmoja wa wale wanaozunguka na kundi lao mji hadi mji. Baba yake alikuwa mwigizaji mwenzake katika kundi hilohilo, ila hawakuoana, na Polly aliificha mimba ile. Alipoandikisha kuzaliwa kwa mtoto, alitaja jina la baba ambaye hakuwapo duniani: Walter Wallace. Kwa hiyo hata jina ambalo baadaye lilijaa kwenye mabango ya nchi nzima lilianza kama jina la kubuni katika cheti cha kuzaliwa.

Polly alimpeleka mtoto kwa familia ya Freeman, ambako baba mwenye nyumba alikuwa mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate. Familia hiyo tayari ilikuwa na watoto kumi. Mwanzoni Polly alituma fedha za matunzo. Mtoto alipofika miaka mitatu hivi fedha zikakatika, na njia iliyobaki ilikuwa kumpeleka katika nyumba ya maskini. Wana Freeman walikataa. Wakamlea kama mtoto wao, na mtaani akajulikana kwa jina la Dick Freeman.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12. Kabla ya hapo alikwishaanza kuuza magazeti pale Ludgate Circus, njia panda iliyo karibu na Fleet Street, mtaa ambao magazeti makubwa ya Uingereza yalikuwa na ofisi zake. Baada ya hapo alifanya kazi kila aina: kiwanda cha mpira, meli ya uvuvi, kusambaza maziwa nyumba kwa nyumba. Hakukaa sana popote. Mwaka 1894 akajiunga na jeshi, na huko akaanza kutumia jina lililokuwa kwenye cheti, Edgar Wallace.

Jeshi lilimpeleka Afrika Kusini mwaka 1896, akawa katika kikosi cha matibabu. Akiwa kambini akaanza kuandika mashairi na kuyapeleka magazetini, na mwaka 1899 akalipa fedha ili aachiliwe jeshini, awe mwandishi wa habari. Wakati huo vita kati ya Waingereza na Makaburu vilikuwa vinaanza. Aliandikia shirika la Reuters, kisha gazeti la Daily Mail.

Kuna kisa kimoja cha vita hivyo kinachoonyesha akili yake. Mwaka 1902 pande mbili zilikuwa zinajadili amani huko Vereeniging, katika kambi iliyozungushiwa walinzi, na jeshi lilikataza habari zozote kutoka. Wallace alikuwa na rafiki miongoni mwa walinzi. Wakakubaliana lugha ya leso. Wallace alipanda treni iliyopita karibu na kambi, akachungulia dirishani, na mlinzi akajifuta pua kwa leso ya rangi waliyopatana. Rangi moja ilimaanisha hakuna jipya, nyingine mambo yanaenda vizuri, na nyeupe ilimaanisha amani imekubaliwa. Habari alizituma London kwa simu ya maandishi zikiwa zimefichwa kama ujumbe wa biashara ya hisa, na Daily Mail likatangaza amani kabla Bunge la Uingereza halijaambiwa. Mkuu wa majeshi, Lord Kitchener, alikasirika na kumpiga marufuku asiwe tena mwandishi wa habari za vita.

Mwaka huohuo wa 1902 alipewa uhariri wa gazeti jipya la Johannesburg, Rand Daily Mail, akiwa mhariri wake wa kwanza. Mshahara ulikuwa mkubwa na matumizi yakawa makubwa kuliko mshahara. Alikuwa amemwoa Ivy Caldecott, binti wa mchungaji, na mwaka 1903 mtoto wao wa kwanza akafa kwa homa ya uti wa mgongo. Kisha Wallace akagombana na mwenye gazeti, akapoteza kazi, na wakarudi London wakiwa na madeni.

Ilikuwa katika mwaka huohuo wa 1903 ambapo Polly, mama aliyemzaa, alimtafuta. Alikuwa mzee, mgonjwa, hana kitu. Wallace hakuwa amewahi kumfahamu, akadhani amekuja kwa sababu mwanawe sasa ana jina, na akamrudisha. Muda mfupi baadaye Polly alifia hospitalini katika mji wa Bradford. Wote waliosimulia maisha ya Wallace wanarudi kwenye tukio hilo, kwa sababu mtu yuleyule alisifika kwa kugawa fedha kwa kila aliyemwendea na hadithi ya shida.

Pauni 500 na jibu lisilo na mipaka

Sasa tufike mwaka 1905. Wallace alikuwa ripota wa Daily Mail, lakini alitaka fedha za haraka. Akaandika riwaya iitwayo The Four Just Men, yaani watu wanne wa haki. Watu hao wanamtishia waziri wa mambo ya nje wa Uingereza: aondoe bungeni muswada wa kuwarudisha makwao wageni waliokimbia watawala wao, la sivyo atakufa siku na saa watakayoitaja. Waziri anakataa. Anajifungia peke yake ndani ya chumba, nyumba imezingirwa na polisi, na saa ilipofika anakutwa amekufa. Amekufaje?

Kitabu hakikusema. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake. Wallace alianzisha kampuni yake ndogo ya uchapishaji, Tallis Press, akatoa kitabu bila jibu, na mwishoni akaweka fomu ya kujaza. Msomaji akitambua njia iliyotumika kumuua waziri, anapata sehemu ya pauni 500. Ili upate picha ya fedha hizo, kibarua wa shambani Uingereza wakati huo alipata kama pauni moja kwa wiki. Hiyo ilikuwa mishahara ya karibu miaka kumi.

Aliomba mkopo wa kuendeshea jambo hili, akakataliwa. Hakusimama. Alibandika mabango kutani, akatangaza kwenye mabasi, akasambaza vipeperushi, akatangaza magazetini. Gharama ya matangazo ilizidi zawadi yenyewe, kwa hiyo kitabu kilipaswa kuuzwa kwa maelfu kabla hata senti moja ya faida haijaonekana.

Na kweli kiliuzwa kwa maelfu. Katika hilo Wallace hakukosea: alijua mtu wa kawaida anapenda fumbo, na anapenda zaidi fumbo lenye fedha. Alikosea mahali pengine. Hakuandika popote kwamba washindi watakuwa idadi fulani tu, au kwamba wakiwa wengi watapigiwa kura. Kila aliyetoa jibu sahihi alikuwa na haki ya kudai. Na majibu sahihi yakaanza kumiminika, kwa sababu fumbo halikuwa gumu kiasi hicho. Jibu lenyewe limo katika matoleo ya baadaye. Sitalitaja, huenda siku moja ukakisoma.

Fikiria hali yake. Kila nakala iliyouzwa ilimletea shilingi chache, na pengine mdai mmoja mpya. Mafanikio ya kitabu ndiyo yaliyokuwa yanammaliza. Miezi ikapita, orodha ya washindi haitoki, wasomaji wakaanza kuuliza na wengine kusema wametapeliwa. Mwenye Daily Mail, Alfred Harmsworth, aliona jina la gazeti lake linachafuka, kwa kuwa shindano lilitangazwa humo. Ikabidi amkopeshe Wallace fedha za kuzima moto huo, na hakumsamehe. Wallace akaiuza haki ya kitabu hicho kwa mchapishaji mwingine kwa chini ya pauni 100. Hicho ndicho kitabu chake kinachojulikana kuliko vyote hadi leo, na kiliendelea kuuzwa kwa miaka mingi kwa faida ya wengine.

Mikosi haikuja peke yake. Mwaka 1906 gazeti liliendesha kampeni dhidi ya wenye viwanda vya sabuni waliotaka kuungana, na baadhi ya makala zilikuwa za Wallace. Kampuni ya Lever ilikwenda mahakamani kwa kuchafuliwa jina, na mwaka 1907 Daily Mail likalipa pauni 50,000. Wallace akafukuzwa kazi. Baada ya sifa hiyo, hakuna mhariri wa gazeti kubwa aliyetaka kumgusa.

Kongo na Sanders

Kabla ya kufukuzwa, mwaka 1907 Wallace alitumwa Kongo. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na dunia ilikuwa imeanza kusikia jinsi watu walivyokatwa mikono, kuuawa na vijiji kuchomwa kwa ajili ya mpira wa miti ya msituni. Wallace alikwenda kuandika habari za ukatili huo.

Alipokosa kazi, mhariri wa jarida moja la hadithi, Isabel Thorne, alimshauri atumie yale aliyoyaona Afrika. Hapo zikazaliwa hadithi za Sanders, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza anayetawala watu wa mtoni Afrika Magharibi. Kitabu cha kwanza, Sanders of the River, kilitoka mwaka 1911 na vikafuata vingine vingi. Viliuzwa sana, na vilimrudisha Wallace mjini.

Ni lazima kusema wazi: ni vitabu vibaya kwa Mwafrika kuvisoma. Watu wa mtoni wanachorwa kama watoto wakorofi wanaohitaji mzungu mwenye fimbo. Mtu aliyefika Kongo mwaka 1907 alijua fimbo ilikuwa mikononi mwa nani na ilifanya nini, lakini wasomaji wa London walitaka Sanders, naye aliwapa walichotaka. Alifanya hivyo maisha yake yote.

Mfalme wa riwaya za kusisimua

Kwa miaka kumi iliyofuata aliandika huku na kule ili kulipa wadai. Aliandika habari za mbio za farasi kila siku, akawashauri wasomaji farasi wa kuwekea dau, na yeye mwenyewe akapoteza fedha kwa farasi haohao. Alinunua hata farasi wake. Ndoa yake na Ivy ilivunjika mwaka 1918, na mwaka 1921 akamwoa katibu wake, Violet King.

Vitabu vya wakati huo alikuwa akiviuza kama mkulima mwenye shida anavyouza kahawa ingali maua mtini. Mchapishaji anampa kiasi kidogo mara moja, na haki yote inahama. Kitabu kikiuzwa nakala elfu au laki, mwandishi hapati zaidi. Njia nyingine ni mirabaha: mwandishi anapata sehemu ya bei ya kila nakala, mwaka hadi mwaka, hata akifa watoto wake wanapokea. Wallace aliijua tofauti hiyo, ila wadai hawakumpa nafasi ya kungoja.

Mambo yalibadilika mwaka 1921 alipofunga mkataba na kampuni ya Hodder and Stoughton. Mkuu wake, Ernest Hodder-Williams, aliona kwamba bidhaa ya kuuza si kitabu kimojakimoja, ni Wallace mwenyewe. Wakamtangaza kama mfalme wa riwaya za kusisimua. Picha yake ikawa kila mahali: kofia, uso mzito, na sigara kwenye kijiti chake kirefu. Akanunua gari la Rolls-Royce la rangi ya njano. Vitabu vikachapwa kwa bei ambayo karani na mfanyakazi wa kiwandani waliimudu, vikauzwa vituo vya treni. Kulikuwa na mzaha gazetini kwamba wauza magazeti stesheni wanamuuliza msafiri kama amekwisha kununua Wallace wa mchana, kana kwamba riwaya zake zilitoka kama gazeti. Wachapishaji walijigamba kwamba katika kila vitabu vinne vinavyosomwa Uingereza, ukiacha Biblia, kimoja ni chake. Nani alihesabu? Hakuna, lakini tangazo zuri huwa haliulizwi.

Namna yake ya kuandika iliendana na mahitaji hayo. Alikaa na joho la nyumbani nyuma ya kioo kikubwa alichokiweka kuzuia upepo, akasimulia hadithi kwa sauti ndani ya mashine ya kunasia sauti, na katibu wake Robert Curtis, mpiga taipu hodari sana, akazichapa. Wallace hakupenda kurudia kusoma. Alivuta sigara moja baada ya nyingine na kuletewa chai yenye sukari nyingi siku nzima, vikombe kwa makumi. Aliweza kumaliza riwaya nzima kati ya Ijumaa na Jumatatu. Watu walitania kwamba ukimpigia simu ukaambiwa ameanza riwaya mpya, ngoja tu kwenye simu, atamaliza sasa hivi. Ukisoma vitabu hivyo leo unaona haraka hiyo: mhusika hubadilika jina katikati, au jambo lililoanzishwa mwanzo linasahaulika. Lakini ukurasa wa kwanza haukuachii.

Alihamia na jukwaani. Mwaka 1926 mchezo wake The Ringer, uliosimamiwa na mwigizaji maarufu Gerald du Maurier, ulijaza ukumbi wa Wyndham's. Baada ya kuzuru Chicago na kuona mji wa Al Capone, aliandika On the Spot, uliochezwa mwaka 1930, na wengi wanasema ndio mchezo wake bora. Faida ya mchezo mmoja aliimwaga katika mitatu mingine iliyofungwa baada ya wiki chache. Akawa mwenyekiti wa kampuni ya filamu ya British Lion. Nyumba, watumishi, farasi, wageni wa kila usiku. Mapato yalikuwa makubwa sana na deni lilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1931 aligombea ubunge huko Blackpool. Jina lake lilijulikana na kila mpiga kura, vitabu vyake vilikuwa majumbani mwao, na akashindwa kwa zaidi ya kura 33,000. Kumbe mtu anaweza kumnunua mwandishi kila wiki na asimpe kura.

Hollywood

Mwishoni mwa mwaka huo alipanda meli kwenda Marekani kuandikia studio ya RKO, ili apate fedha za kuwatuliza wadai wa London. Huko aliandika rasimu ya kwanza ya filamu ya sokwe mkubwa, King Kong, iliyotoka mwaka 1933.

Hakuiona. Kwa muda mrefu alikuwa na kisukari bila kujua, na zile chai zake za sukari hazikumwachia nafasi. Dawa ya insulini ilikuwa imepatikana miaka kumi nyuma, ila huwezi kutibiwa ugonjwa ambao hujaambiwa unao. Mapema Februari 1932 alianza kuumwa kichwa sana, hali ikageuka nimonia, na tarehe 10 Februari akafa mjini Beverly Hills. Violet alikuwa bado Uingereza. Wallace alikuwa na umri wa miaka 56.

Mwili ulirudishwa kwa meli ya Berengaria. Bendera zilishushwa nusu mlingoti bandarini Southampton, na kengele ikapigwa Fleet Street. Kisha mawakili wakafungua vitabu vya hesabu: deni lilizidi pauni 100,000. Warithi hawakuona njia ila kungoja. Safari hii mirabaha ilikuwapo, vitabu viliendelea kuuzwa bila mwenyewe kuwepo kuzitumia fedha zake, na deni likalipwa lote katika muda wa miaka miwili hivi. Violet hakufika siku hiyo, alifariki mwaka 1933. Watoto ndio walioachiwa urithi.

Mwaka 1935 Sanders of the River ikawa filamu, ikapigwa studio karibu na London, na mwimbaji Mmarekani mweusi Paul Robeson akicheza chifu Bosambo. Robeson aliambiwa filamu itaheshimu utamaduni wa Waafrika. Alipoiona imekamilika, ikiusifu ukoloni, aliikana na kuijutia. Katika filamu hiyo walihitajika Waafrika wa kuigiza wanakijiji na machifu, na kwa kuwa London walikuwa wachache waliajiriwa mabaharia na wanafunzi. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya aliyekuwa na shida ya fedha za kujikimu, Jomo Kenyatta. Anaonekana kwa muda mfupi, akiwa chifu miongoni mwa machifu, miaka 28 kabla hajawa waziri mkuu wa nchi yake.

Uingereza ilimsahau Wallace polepole. Ujerumani ndiko alikoishi zaidi: kuanzia mwaka 1959 zilitengenezwa filamu zaidi ya 30 kutokana na riwaya zake, na zimerudiwa kwenye televisheni huko kizazi hadi kizazi. London kuna bamba la shaba lenye sura yake ukutani, pale Ludgate Circus.